Ushindi wa Kuiba, Ushindi wa Kupewa

Hotuba kwa makocha, waamuzi na wachezaji vijana, katika ufunguzi wa mafunzo ya siku moja

Ndugu makocha, waamuzi wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojibanza kwenye viti vya nyuma mkidhani siwaoni, hamjambo?

Mratibu amenipa dakika ishirini na tano. Nimechezesha mpira kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo najua muda unavyopotezwa, na najua pia nani ana haki ya kuuongeza. Ameniomba nizungumze juu ya uanamichezo. Ni neno gumu kwa msemaji, maana likishatamkwa tu kwenye kipaza sauti watu hushusha macho kwenye simu. Wanajua kinachofuata: tupendane, tuheshimiane, tupeane mikono. Kupeana mikono mnajua. Mimi nimekuja na mbio mbili, na nataka mnisaidie kuzitofautisha.

Za kwanza zilikuwa mbio za nyika, Desemba 2012, huko Burlada, Hispania. Anayeongoza ni Mkenya Abel Mutai, ambaye miezi minne kabla alikuwa ametwaa shaba ya Olimpiki mjini London katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mutai anakaribia mwisho, anadhani ameshavuka mstari, anapunguza mwendo. Bado mita kama kumi hivi. Nyuma yake anakuja kijana wa Kihispania, Iván Fernández Anaya. Anaona kosa lile, na badala ya kumpita anabaki nyuma yake, anamwelekeza kwa mikono kwa sababu hawana lugha ya pamoja, mpaka Mutai anavuka akiwa wa kwanza.

Za pili ni nusu marathoni ya Beijing, Aprili 2024. Mbele wako wanne: Wakenya wawili, Mwethiopia mmoja, na He Jie wa China. Karibu na mwisho, wale watatu wanaonekana kwenye video wakilegeza mwendo. Mkono unaonyesha mstari ulipo, mkono mwingine unampungia He Jie apite. He Jie anashinda kwa sekunde moja.

Sasa zima sauti, futa majina, tazama picha peke yake. Unaona kitu kimoja: mkimbiaji anapunguza mwendo ili mwenzake atangulie. Za Burlada zilipigiwa makofi dunia nzima. Za Beijing zilifanyiwa uchunguzi, na siku chache baadaye wote wanne wakafutiwa matokeo. Mmoja wa Wakenya wale alieleza kwamba walikuwa wamekodiwa kumwekea He Jie kasi, ila hilo halikuonyeshwa popote kwenye namba za vifuani. Kitendo kimoja, hukumu mbili. Kwa nini?

Naona mama mmoja pale mbele amenyoosha mkono. Ndiyo, mama.

(Alisema: "Yule wa kwanza alimrudishia mwenye mali mali yake. Hawa wengine waligawa isiyokuwa yao.")

Mama, umenimalizia hotuba, na bado nina dakika ishirini.

Ndivyo hasa. Mutai alikuwa ameshashinda. Miguu yake ilikuwa imemaliza kazi, kilichobaki kilikuwa kosa la macho. Fernández Anaya angempita, jina lake lingeandikwa juu, lakini karatasi ile ingesema uongo kuhusu kilichotokea njiani. Alichofanya ni kuyaacha matokeo yafanane na mbio. Beijing matokeo yalisema mtu mmoja ana kasi kuliko wenzake, ilhali mbio hazikuwa zimeuliza swali hilo hata kidogo.

Kisa cha Burlada kimetiwa chumvi nyingi mitandaoni, na kuna kipande watu hawapendi kukisimulia. Kocha wa kijana yule alikuwa Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995. Alisema waziwazi kwamba yeye asingefanya hivyo, angeitumia nafasi ile. Na Fernández Anaya mwenyewe alikiri kwamba kama ingekuwa medali ya Ulaya au ya dunia, huenda naye angepita. Wapo wanaoona kukiri huko kunapunguza uzuri wa kisa. Kwangu kunauongeza. Mtu anayejua bei ambayo angeuzika namwamini kuliko yule anayeapa kwamba hauziki.

Naomba tulitazame neno letu wenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeshalifikiria jambo hili kabla yetu. Kushinda mtu anaweza peke yake. Anashinda njaa, anashinda usingizi, hata ukikaa nyumbani kutwa nzima umeshinda nyumbani. Lakini kushindana huwezi peke yako. Ule mkia wa "-ana" ndio ule ule wa kupendana, kusaidiana, kutegemeana. Unadai watu wawili, kila mmoja akimfanyia mwenzake. Mpinzani akiondoka, au akibaki uwanjani mwili tu huku nia imeshaondoka, hakuna anayeshindana tena. Kuna mtu anakimbia asubuhi, basi.

Na wahenga wakasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii huwa tunamtupia aliyefungwa ili anyamaze aende nyumbani. Nadhani tunaielekeza kwa mtu asiye wake. Isomeni tena taratibu. Haizungumzii dakika ya tisini, inazungumzia dakika ya kwanza. Anayeingia uwanjani akiwa amekubali kwamba leo anaweza kushindwa, huyo ni mshindani. Aliyepanga mambo yake mapema asiweze kushindwa, kwa sindano, kwa bahasha, kwa cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa upya, huyo hajaingia kwenye mashindano hata kama amevaa jezi.

Hapo ndipo ninaposimama, na sasa nataka kupajaribu kwa kesi ngumu, kwa sababu zile rahisi hazifundishi kitu.

Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, sare ya bao moja kwa moja, sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Dominic Adiyiah anapiga kichwa, mpira unaingia. Luis Suárez, amesimama kwenye mstari wa goli, anaudaka kama kipa. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan anapiga, mpira unagonga mwamba unapaa. Uruguay wanashinda kwa mikwaju, nne kwa mbili. Ghana wangekuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza nusu fainali, na ilibidi tusubiri mpaka Morocco mwaka 2022.

Nakumbuka nilivyokasirika. Nilimwita mwizi, na sikuwa peke yangu. Lakini mimi ni mwamuzi, na hasira ya mwamuzi haina budi kupita kwenye kitabu cha sheria. Kitabu kilisema nini? Kushika mpira kwa makusudi kuzuia goli: kadi nyekundu na penalti. Alipewa vyote viwili. Hakubaki uwanjani hata dakika moja zaidi, na mechi ya nusu fainali hakucheza. Alivunja sheria mbele ya macho ya kila mtu, akahukumiwa hapo hapo, adhabu yote aliyoandikiwa akailipa. Je, huu ni wizi?

Nimebishana na waamuzi wenzangu juu ya hili mpaka mlinzi akaja kuzima taa za ukumbi. Nilipofika ni hapa: kosa kubwa zaidi lilikuwa la kitabu. Katika mpira wa kikapu, ukiugusa mpira wakati unashuka kuingia kikapuni, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Katika raga, timu ikizuiwa kwa faulo kufunga jaribio ambalo lingefungwa kwa uwezekano mkubwa, mwamuzi huwapa jaribio hilo. Soka limeamua kumpa mkosaji nafasi ya kubahatisha, kisha linamshangaa anapobahatisha. Sisemi alifanya vizuri. Nasema hakudanganya mtu.

Mweke sasa kando ya Diego Maradona, Juni 22, 1986, Mexico, dhidi ya Uingereza. Hapo pia mkono, lakini mkono uliofichwa karibu na kichwa, na baada yake mbio za kushangilia ili refa asiwe na shaka. Dakika nne baadaye alifunga lile bao la kupita nusu ya timu, na kwa sababu hiyo dunia imemsamehe la kwanza. Mimi humfikiria zaidi mwamuzi, Ali Bennaceur wa Tunisia. Hakuona mkono, alimtazama msaidizi wake, msaidizi hakuinua kibendera. Goli moja lile likamfuata maisha yake yote. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea nyumbani kwake Tunisia, akampa jezi. Ni jambo zuri. Ila ilikuwa imepita miaka ishirini na tisa.

Thierry Henry naye mwaka 2009, Ufaransa na Ireland, tiketi ya Kombe la Dunia ikiwa mezani, aliutuliza mpira kwa mkono, akampa William Gallas, goli. Baada ya mechi alikiri, akaongeza kwamba yeye si refa. Sentensi hiyo, ndugu zangu, nimeisikia kwenye viwanja vyenye nyasi na visivyo na nyasi, kutoka kwa watoto wa miaka kumi na miwili. "Mimi si refa." Ni kweli, wewe si refa. Lakini wewe ndiye pekee uliyekuwa na habari.

Kwa hiyo mstari wangu sikuuchora kati ya anayetii sheria na anayeivunja. Kila beki mzuri amewahi kucheza rafu ya makusudi akajua kadi ya njano inakuja. Nimeuchora kati ya anayeivunja akiwa tayari kulipa, na anayeivunja kisha akamtumia mwamuzi kama chombo cha kumlipisha mwenzake. Kujiangusha kuko upande huo wa pili. Huyo anayejirusha kwenye eneo la hatari hamwibii kipa peke yake. Ananipa mimi filimbi niibe kwa niaba yake, na ninaondoka uwanjani nikizomewa kwa wizi wake.

Upande wa pili wa shilingi umo pia. Machi 1997, Liverpool wakiwa ugenini kwa Arsenal, Robbie Fowler alianguka mbele ya kipa David Seaman, refa akaweka penalti. Fowler akainuka akimpungia mikono refa: hapana, hakunigusa. Refa akakataa kubadilisha. Fowler akapiga, Seaman akaupangua, mwenzake Jason McAteer akaumalizia wavuni. Na mwaka 2012 Miroslav Klose, akiichezea Lazio dhidi ya Napoli, alifunga kwa mkono, refa akakubali goli, Klose akamwambia ukweli, goli likafutwa. Lazio wakafungwa tatu bila. Hakuna aliyemlipa Klose pointi kwa ukweli wake, na hivyo ndivyo inavyokuwa siku nyingi.

Waamuzi vijana, sheria inawaruhusu kubadilisha uamuzi kama mchezo haujaanza tena. Sasa niwasimulie langu.

Ilikuwa mechi ya vijana, timu mbili zinazogombea nafasi moja. Dakika ya ishirini na kitu, mshambuliaji, kijana mwembamba, akapiga shuti la pembeni, nikaona mpira umo ndani ya wavu, nikapuliza nikaonyesha kati. Wenzake wakamrukia. Akajinasua, akanifuata mbio. "Refa, umepita nje. Wavu umetoboka." Nikaenda kuangalia. Tundu lilikuwa kubwa kiasi cha kupitisha mtungi. Nikafuta goli, tukaendelea na mpira wa goli.

Dakika tano baadaye kocha wake akamtoa. Hakuwa ameumia, hakuwa amechoka. Alitolewa, akapita mbele ya benchi, hakuna aliyempa mkono, akaenda kukaa mwisho kabisa akajifunika koti. Nami nililiona lote hilo. Nilikuwa na filimbi, nilikuwa na mamlaka, nilikuwa na mdomo. Mwisho wa mechi nilikaa nikaandika ripoti. Niliandika kuhusu wavu. Kuhusu kijana sikuandika neno.

Sijui kama aliwahi tena kumwambia refa ukweli. Kocha yule alimfundisha somo kwa ubao wa namba, mimi nikalitilia sahihi kwa kukaa kimya. Ndiyo maana makocha mliopo hapa nawaambia mbele ya wachezaji wenu: kijana hasikii mnachosema kwenye hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo. Anatazama nani anaanza Jumamosi.

Tuje kwenye ushindi wa kupewa, ambao unazungumzwa kidogo kuliko ule wa kuiba, labda kwa sababu unafanana na upole.

Juni 1982, mji wa Gijón, Hispania, Kombe la Dunia. Algeria walikuwa wameshawafunga Ujerumani Magharibi mbili kwa moja, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na walikuwa wamemaliza mechi zao siku moja kabla. Ujerumani na Austria wakaingia wakijua kabisa: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanasonga na Algeria wanarudi nyumbani. Bao likaingia dakika ya kumi. Baada ya hapo, dakika themanini za kupasiana. Mashabiki wa Algeria walipunga noti jukwaani. Hakukuwa na sheria iliyovunjwa, matokeo yakabaki, na tangu Kombe la Dunia lililofuata mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Timu mbili ziliungana zikapeana walichotaka, na aliyeibiwa alikuwa amekaa jukwaani.

London 2012 jozi nne za wanawake wa badminton ziliondolewa mashindanoni kwa kutaka kushindwa. Zilikuwa zimeshafuzu, na kushindwa kungewapa mpinzani mwepesi hatua inayofuata. Mlisikia vizuri: walikuwa wanapiga kile kimpira cha manyoya kwenye wavu kwa makusudi, pande zote mbili, huku watazamaji wakizomea. Hawa nawahurumia kidogo. Aliyepanga ratiba aliwawekea mlango wa nyuma wazi. Lakini hata mwenye huruma huona kwamba hapo hakukuwa na mchezo.

Na kwa wale wanaopenda rekodi: Oktoba 2002 huko Madagascar timu moja ilifungwa 149 kwa sifuri. Yote ilijifunga yenyewe. Walikuwa wanapinga uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia, wakaamua kila wakianza mpira waurudishe golini kwao, wapinzani wakisimama kutazama. Kocha akafungiwa miaka mitatu. Nikiri kwamba mara ya kwanza kusikia nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamfikiria yule mwenye kalamu anayeandika wafungaji.

Hapa mtu huniuliza: na wale wa Tokyo je? Walioigawana dhahabu? Agosti 2021, kuruka juu, Mutaz Essa Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia wote wameruka mita 2.37, wote wameshindwa 2.39. Barshim akamuuliza ofisa kama wanaweza kupata dhahabu mbili, ofisa akasema inawezekana, wakakumbatiana. Je, si kupeana? Hapana. Mashindano yalikuwa yameuliza swali lake mpaka mwisho na jibu likawa sawa. Sheria iliwaruhusu, na wala hapakuwa na mtu wa tatu aliyepunjwa. Ila sikilizeni la pili: Paris 2024 Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani walifika hapo hapo, wakachagua kuendelea kuruka. Kerr akashinda. Watu wakamshambulia McEwen mitandaoni kwamba ana tamaa, kwamba hana roho ya michezo. Upuuzi. Watu wawili waliokubali kushindwa waliendelea kushindana, na mmoja akashindwa. Tangu lini hilo likawa aibu?

Kuhusu dawa za kuongeza nguvu nitapita haraka, si kwa sababu ni dogo bali kwa sababu mmeshasikia mengi. Nawapeni picha moja tu. Athens 2004, kutupa tufe, Adam Nelson wa Marekani alikuwa wa pili. Baada ya miaka, sampuli ya mshindi, Yuriy Bilonoh wa Ukraine, ilipimwa upya, akavuliwa ubingwa. Nelson akakabidhiwa dhahabu yake mwaka 2013, kwenye eneo la migahawa katika uwanja wa ndege wa Atlanta. Medali ilirudi. Uwanja, wimbo, siku ile ya mashindano, hivyo havina mahali pa kurudishiwa.

Sasa neno kuhusu watu wema na watu wabaya, kwa sababu tunapenda kuwapanga kwenye mafungu mawili kama viazi. Septemba 1998 Paolo Di Canio alioneshwa kadi nyekundu, akamsukuma refa Paul Alcock kwa mikono miwili mpaka akaanguka chini. Akafungiwa mechi kumi na moja. Desemba 2000, akiwa West Ham, mechi na Everton iko sare ya bao moja kwa moja, dakika za mwisho, kipa wa Everton ameanguka ameshika goti, krosi inakuja, goli liko tupu. Di Canio akaudaka mpira kwa mikono ili mchezo usimame kipa atibiwe. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya FIFA ya mchezo wa kiungwana. Mikono ile ile miwili, kwa miaka miwili na miezi kadhaa tu katikati. Mkiwa na kijana mkorofi kwenye timu yenu, msimwandikie hukumu ya maisha. Na mkiwa na kijana mpole, msilale.

Wazazi, sijawasahau. Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika huko Limbe, Cameroon, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akarudisha mchezo, kisha akamaliza tena kabla ya dakika tisini kutimia. Dunia ikacheka. Picha zake zilitengenezewa vichekesho usiku ule ule. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa amezidiwa na joto, akili imevurugika, na akapelekwa kutibiwa. Mwenyewe alisema angeweza kufa. Tulikuwa tunamcheka mgonjwa. Nami nilikuwa mmoja wao, na nina filimbi tatu nyumbani.

Mwaka uliofuata, Desemba 2023, huko Uturuki, rais wa klabu aliingia uwanjani baada ya mechi akampiga refa Halil Umut Meler ngumi usoni. Ligi ikasimamishwa. Ngumi ile haikuanzia kwenye mkono wa rais. Ilianza na mtu wa kawaida, mwenye heshima zake, aliyesimama pembeni mwa mechi ya watoto akamwita kijana wa miaka kumi na saba mwenye filimbi "mwizi", na watu wakacheka.

Mratibu ananitazama. Dakika za nyongeza zimeisha.

Mchezo wa saa tisa basi. Upo mchezo wa kurushiana kisahani uitwao ultimate, ambao wachezaji hujitamkia faulo wenyewe bila refa, hata kwenye mashindano ya dunia. Leo tutauazima utaratibu huo. Kipindi cha kwanza cha mechi yetu hakitakuwa na mwamuzi. Ukimwangusha mwenzako, sema. Mpira ukikugusa mwisho, sema. Mkibishana zaidi ya nusu dakika, mpira unarudi kwa kipa. Makocha mtakaa upande wa mbali, midomo mnayo lakini hamtaitumia. Kipindi cha pili waamuzi vijana wataingia na vipenga, halafu tutakaa tulinganishe.

Fomu ya ripoti nimeichapa upya. Ina magoli, kadi, majeruhi na hali ya uwanja kama kawaida, na chini kabisa nimeongeza mistari miwili mitupu, bila kichwa cha habari. Atakayeandika ripoti atajua ya nini.

Nyavu nimezikagua mwenyewe asubuhi.